Picha yenye kovu langu: uzoefu wangu kwa mpigapicha wa waigizaji

Nimepigwa picha za kazi mara mbili tangu nianze kuigiza. Mara ya kwanza nilitoka na picha nzuri kupita kiasi: ngozi nyororo kama ya mdoli, kovu langu la juu ya nyusi limefutwa, pua imechongwa, macho yameng'arishwa. Nilizituma kila mahali kwa fahari. Nikaitwa kwenye usaili, nikaingia chumbani, na mama aliyekuwa akichagua waigizaji akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. Hakunikosea adabu hata kidogo. Alisema tu, "Tulikuwa tunamsubiri huyu." Nafasi ile sikuipata.

Kwa hiyo nilipomtafuta mpigapicha mwingine, miezi mitatu iliyopita, nilimpa sharti moja kabla hata ya kuuliza bei: nataka picha ambayo mtu akiishika halafu mimi nikaingia mlangoni, asishtuke.

Alinipigia simu, tukaongea karibu nusu saa. Aliniuliza watu huwa wananipa kucheza nani. Nikamwambia: muuguzi, mwalimu, dada mkubwa mwenye maneno machache. Akauliza tena, je, wewe mwenyewe unataka kucheza nani? Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu mwenye kamera, na majibu yangu ndiyo yaliyoamua nguo. Nilikwenda na blauzi sita, akakataa nne. Ile ya mistari membamba aliikataa kwanza kwa sababu mistari ya namna hiyo huleta mawimbi ya ajabu kwenye picha za kidijitali. Yenye maandishi aliikataa kwa sababu jicho husoma kifua kabla ya kufika usoni. Nywele alikuwa ameshaniambia kwenye simu nisizitengeneze siku ileile, nizitengeneze siku kadhaa kabla ili zitulie.

Studioni nilijifunza mengi. Nilidhani lenzi fulani ndiyo inayompendeza mtu, kumbe ni umbali. Kamera ikisogezwa karibu sana, pua huvimba na masikio hurudi nyuma. Lenzi ndefu kidogo, ya milimita 85 au zaidi, humwezesha mpigapicha kusimama mbali na bado uso ukajaa kwenye fremu. Taa yake ilikuwa moja kubwa, imefunikwa kitambaa cheupe, na chini ya kidevu changu akaweka ubao mweupe wa kurudisha mwanga ili vivuli vya chini ya macho vipungue. Ngozi yangu ni nyeusi na nywele zangu nyeusi, na kwenye picha zangu za zamani kichwa kilimezwa na pazia la nyuma. Yeye aliweka taa ndogo nyuma yangu, nywele zikapata ukingo. Hakunipausha ili nionekane. Nilipoiona ngozi yangu kwenye skrini ikiwa na rangi yake yote, nilinyamaza kwa muda.

Picha arobaini za kwanza, naweza kusema, zilikuwa mfu. Nilikuwa natabasamu kwa meno tu. Akazima muziki, akasema, "Mdogo wangu, shusha pumzi, sogeza kidevu mbele halafu kishushe kidogo." Ukifanya hivyo unajihisi kama kobe anayechungulia, lakini taya linajitokeza na shingo inanyooka. Kisha akanifundisha kukaza kidogo ukope wa chini bila kufumba jicho, mbinu iliyoenezwa na Peter Hurley, mpigapicha wa New York. Macho yaliyotumbuka huonekana yana hofu, na ukope wa chini ukikazwa kidogo mtu huonekana anajua anachokifikiri. Lakini kilichonifungua hasa hakikuwa mbinu ya uso. Alinipa hali ya kuigiza: "Mtoto wako amerudi saa saba usiku na hajakuambia alikokuwa. Usiseme kitu, mwangalie." Hapo nilijua nimefika kwa mtu anayeijua kazi yetu.

Kuchagua tulichagua pamoja, na hapa ana busara kubwa. Alizipunguza picha zote mpaka zikawa ndogo kama stempu, zikajipanga safu kwa safu. Alisema wachaguzi huziona hivyo kwanza, nyuso nyingi kwa pamoja, na picha isiyosema kitu ikiwa ndogo haitafunguliwa. Picha niliyoipenda sana ikapotea palepale. Zikabaki tatu. Katika kuhariri aliondoa chunusi ya asubuhi ile na nywele chache zilizotoroka. Kanuni yake ni kwamba kitakachoondoka chenyewe baada ya wiki mbili anaweza kukifuta, kinachokaa kinabaki. Kovu limebaki.

Rafiki yangu mwanamitindo alinisindikiza, naye alihudumiwa tofauti kabisa. Wanamitindo huombwa picha kavu: bila vipodozi, nywele zimefungwa nyuma, nguo za kubana zisizo na mapambo, ukuta mtupu, mbele, ubavu na mwili mzima. Zilipigwa dirishani kwa dakika ishirini, na hakutozwa bei ya kikao kizima. Aliambiwa pia asitumie pesa nyingi kutengeneza albamu nene kabla hajapata wakala, na kwamba wakala anayemlazimisha mgeni kununua picha kwa mpigapicha wake mwenyewe ni wa kumkimbia. Ningelipia ushauri huo peke yake.

Sasa yaliyoniudhi. Niliahidiwa picha kwa siku tano, zikaja siku ya kumi na moja, na katikati hapo nilikosa usaili mmoja kwa kutokuwa na cha kutuma. Zilipokuja, zilikuwa na vipimo vilevile vilivyotoka kwenye kamera, wakati nakala ya kuchapisha inayotumiwa sana na waigizaji ni ya inchi 8 kwa 10. Nilipoikata moja mwenyewe ifikie kipimo hicho, utosi ukaondoka. Ikabidi nimwombe aikate upya. Mpambaji wake hakuwa na poda ya rangi yangu hata moja. Nilitumia yangu, lakini gharama ya upambaji nilitozwa vilevile, na hilo kwangu si haki. Na sikuambiwa mapema kwamba kila picha ya nne na kuendelea hulipiwa pembeni kuhaririwa. Kuhusu haki ya kuzitumia, mkataba ulikuwa kimya. Niliuliza kama kikundi changu kinaweza kuiweka picha kwenye bango la tamthilia, akanijibu kwa maandishi kwamba inaruhusiwa. Muulize mpigapicha wako kabla hujalipa, kwa sababu kumlipa mtu akupige picha hakumaanishi kila mara kwamba picha ni mali yako.

Nimekwenda kwenye saili nne kwa picha hizi. Nafasi nimepata moja, ya mwalimu mkuu, na hakuna aliyeitazama picha mara mbili nilipoingia. Mwezi ujao nitanyoa nywele zote kwa ajili ya nafasi hiyo, kwa hiyo picha hizi zitakuwa zimeisha kazi. Nimeshamwandikia mpigapicha huyohuyo aniwekee siku, na safari hii nimeomba tarehe ya kukabidhiwa picha iandikwe kwenye mkataba. Poda nitakwenda na yangu.