Kalenda ya watakatifu: karatasi mbovu, lakini siitupi

Nilinunua kalenda hii ya mezani, ile ya kufunua jani kila siku, mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Niseme mapema: karatasi ni nyepesi mno. Ukiandika kwa wino, jina la leo linatokea mgongoni mwa kesho. Tumia penseli.

Kila jani lina muumini aliyetutangulia, mistari michache ya maisha yake, na nafasi tupu chini ya kuandika wa kwako. Hapo ndipo iliponikamata. Machi 7 ni Perpetua na Felisita, waliouawa Carthage mwaka 203: mmoja alikuwa na mtoto wa kunyonya, mwenzake alijifungua gerezani. Ni watu kabisa, si sanamu. Februari 23 yuko mzee Polikarpo, aliyewajibu waliomtaka amkane Kristo kwamba amemtumikia miaka 86, wala Kristo hajamkosea yeye hata mara moja. Jani hilo nililisoma mara tatu kabla ya kuvaa viatu.

Agosti 27 ni Monika, aliyemlilia mwanawe miaka na miaka. Unafunua jani linalofuata, huyo hapo Augustino mwenyewe. Mama naye alinililia hivyo hivyo (tuyaache). Nikaandika jina lake chini ya Monika, nikashindwa kuongeza “marehemu”. Nikaandika “ametangulia”.

Kasoro nyingine: Novemba 2, siku ya marehemu wote, wameweka mstari mmoja tu wa kujaza. Nani ana marehemu mmoja? Nimebandika karatasi ya ziada. Nyota nne.