Pumzi ya Wanuri Kahiu: jiji safi, maji ya mgao, ndoto marufuku

Wapenzi wa muvi za dunia ijayo, hii Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu ni ya kitambo kidogo, ya 2009, mwaka uliofuata ikaenda tamasha la filamu la Sundance kule Marekani, ila bado nakutana na watu kibao hawajaicheki na sijui wanasubiri nini. Ni dakika 21 hivi tu, hata bando halisikii. Mi naipa 8 kwa 10, hizo 2 nilizokata ntazisema huko chini.

Stori iko hivi, imepita miaka 35 toka Vita ya Tatu ya Dunia, vita yenyewe ilikuwa ya kugombea maji, na waliobaki huku Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo moja kubwa limefungwa kila upande, wanajiita jamii ya Maitu, na wanaambiwa huko nje kumekufa, hakioti kitu. Asha (kacheza Kudzani Moswela) kazi yake ni makumbusho ya kidijitali ya mazingira, anatunza mabaki ya mimea. Anapokea kaboksi hakajaandikwa kametoka kwa nani, ndani udongo. Anaupima, una unyevu, hauna mionzi. Balaa linaanzia hapo.

Sasa kilichonikamata mimi ni kwamba ukihamia Maitu leo, wiki ya kwanza utapapenda kabisa. Hamna taka hamna moshi, umeme wanauzalisha watu wenyewe kwa kupiga mazoezi kwenye mashine, kila mtu ana kazi, na kumetulia maana hata kuongea hawaongei, kompyuta ndo inawasemea. Muvi nyingi za aina hii zinakupiga na jehanamu toka dakika ya kwanza, mabunduki, moto, watu wamechakaa, unajua kabisa hapa pabaya. Hii inakukaribisha pasafi afu unaanza kuona gharama yake taratibu. Asha kasinzia kazini, kaota mti, mara sauti ya mashine inamwambia ndoto imegundulika, meza dawa za kuzuia ndoto. Na anameza! kawaida tu, kama mtu anavyomeza panadol, hamna askari aliyemsimamia. Hiyo ilinitisha kuliko bunduki yoyote.

Sini ya chooni ndo ya kurudia. Jasho la usoni analifuta na kulikamulia kwenye chupa, mkojo nao unachujwa unarudi kuwa maji yake ya kunywa, na kila mtu ana kipimo chake. Sie tuliokulia kwenye mgao, tunaojua maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi mpaka yamepita chooni, hatuhitaji kuelezewa hapo. Afu mle ndani kuna dada msafishaji, Asha anamgawia maji kidogo ya kwake, hamna neno linalosemwa. Kwa wakubwa wa baraza linaloendesha jengo, Maitu ni peponi, kwa huyu dada ni kitu kingine kabisa, na jengo ni lilelile. Ndo maana watu wakianza kubishana kama hii ni utopia (dunia ya raha tupu) au distopia (dunia ya mateso) mi nauliza tu, umepangiwa kazi gani mle ndani?

Kama hutaki kujua mwisho ruka aya hii. Asha anachukua mbegu ya pale makumbusho, chupa yake ina lebo ya Maitu, anaipanda kwenye ule udongo inaota, anaomba kibali cha kutoka nje, baraza linagoma, makumbusho yanavunjwavunjwa na yeye anatupwa kwenye mashine za umeme. Anayemsaidia kutoroka ni yule dada wa chooni. Huko jangwani anaufukia mche wake mchangani, anaumiminia maji ya mwisho aliyonayo, anaukamulia mpaka jasho, afu anajilaza aukinge na jua, anafia hapohapo, basi ndo imetoka. Wanuri kashatengeneza dokumentari ya Wangari Maathai, yule mama wa Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti Kenya, aliyepata Nobel ya Amani 2004, na hapa mkono wa yule mama unauona waziwazi. Ila sijaridhika nako hako ka mwisho, pazuri kwa macho lakini kwanini lazima mtu afe mti ndo uote? Maathai aliwapandisha kina mama wa vijijini miti kwa mamilioni wakiwa wazima, tena wanalipwa vihela kidogo kwa kila mche uliopona. Moja nimeikata hapo.

Ya pili ni baraza. Wamekaa wanakataa tu, hujui wanaogopa nini wala wanafaidika na nini, na dakika mbili tatu za hao watu zingeinenepesha stori sana. Na mashine inaongea Kiingereza cha roboti, eti eneo zima la Afrika Mashariki limekuwa nyumba moja halafu hata "karibu" hamna, angalau Kikuyu kimepata nafasi kwenye lebo ya chupa ya mbegu. Skrini zao zinazoelea hewani nazo umri unaonekana, ila kwa filamu fupi ya miaka ile mi nazisamehe.

Simu inatosha kuiangalia, usisubiri tivii kubwa, ila vaa earphone, maana mazungumzo ni machache na kazi kubwa inafanywa na milio ya zile mashine, ukiangalia kwenye daladala hutaelewa watu wanasifia nini.