Kipimajoto cha bunduki kilivyonielewesha mnururisho

Nasoma ualimu wa fizikia, mwaka wa pili, hapa Dodoma. Katika mada ya joto, mnururisho, yaani joto kusafiri kwa njia ya mionzi, ndio ulionishinda. Mwezi wa sita nikanunua kipimajoto cha infraredi, kile cha bunduki wanachotembea nacho mafundi wa majokofu, kwa shilingi 45,000.

Siku ya kwanza nilichemsha maji kwenye sufuria mpya ya alumini, nikaepua, nikalenga ubavuni. Kikasoma nyuzi 39. Nikajua nimeuziwa kibovu. Nikayamimina maji yaleyale kwenye sufuria kuukuu iliyojaa masizi: nyuzi 88! Nilirudia mara nne, majibu hayakubadilika sana.

Kumbe kifaa hakipimi joto lenyewe. Kinapokea mionzi ya infraredi isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa kati ya mikromita 8 na 14, kisha kinapiga hesabu kikichukulia kwamba kila kitu kinanururisha kwa asilimia 95 ya kitu cheusi kamili, yaani kile kinachonururisha kwa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana kwa joto lake. Masizi yanakaribia hapo. Alumini inayong'aa hutoa sehemu ndogo sana, kama moja ya kumi au pungufu, na mengi yanayotoka kwake ni mionzi ya kuta za jikoni inayoakisiwa. Ile alama ya e, yaani sehemu hiyo, kwenye kanuni ya Stefan na Boltzmann ya kukokotoa nishati ambayo kitu kinanururisha kulingana na kelvini zake, niliyokuwa naikariri tu, niliielewa usiku ule nikiwa na sufuria mbili mbele yangu.

Tangu hapo napenda kupiga hesabu za vitu ninavyovipima. Ngozi yangu ilisoma nyuzi 33, yaani kelvini 306, na kwa kanuni hiyo inanururisha karibu wati 500 kwa kila mita ya mraba. Kuta za nyuzi 27 zinanirudishia kama wati 460. Ukiweka 33 badala ya 306 kwenye kanuni unapata chini ya wati 0.1, na kosa hilo tunalifanya wengi kwenye mitihani.

Kilichonigusa zaidi ni anga. Usiku mkavu usio na mawingu nilikielekeza juu, kikasoma nyuzi 9 chini ya sifuri. Wingu lilipopita, namba ikapanda. Nyumbani Njombe wakulima wanajua kwamba sakitu huja usiku mweupe, na sasa naona sababu: ardhi inanururisha kuelekea juu na hakuna wingu la kuirudishia.

Kasoro zipo. Nukta nyekundu ya leza inadanganya, maana kinachopimwa ni duara: changu, ukisimama mita 1.2, kinapima eneo la upana wa sentimita 10. Pia ile thamani ya 0.95 (asilimia 95) kwenye changu haibadilishiki. Ukiweza kuongeza pesa, chukua chenye kitufe cha kuibadilisha. Kwa chuma kinachong'aa mimi hubandika kipande cha selotepu ya karatasi, nasubiri dakika moja, kisha nalenga hapo.