Uzoefu wangu na huduma ya majitaka Kariakoo, kabla hawajapandisha bei

Mamlaka ya maji ya Dar inataka kupandisha bei ya majitaka, na naona watu wanabishania asilimia ngapi ziongezwe, kwa nyumba kiasi gani na kwa biashara kiasi gani. Mimi bado sijafika huko. Nimekwama dirishani ofisini kwao, mbele ya binti aliyeniambia, "Mama, kama unaona ghali si urudi kwenye shimo la choo?"

Alisema hivyo bila kuinua uso kwenye simu yake. Salamu yangu hakuitika, na shikamoo hata sikuitarajia tena. Nilisimama pale na bili mkononi, na picha niliyoipiga asubuhi hiyohiyo hakutaka kuiona.

Picha ilikuwa ya chemba ya majitaka iliyo mbele ya nyumba yetu, ambayo ilikuwa inafurika tangu mvua za vuli zianze. Asubuhi ndiyo balaa lenyewe. Watu wa ghorofa la jirani wakishaamka, wakaanza kuoga na kuvuta maji chooni, huku kwetu mfuniko unaanza kucheza. Kwanza vinatoka vipovu, halafu maji meusi yanachomoza pale mfuniko ulipovunjika, yanafuata ukuta hadi chini ya benchi la wateja wangu. Nauza chai, chapati na supu barazani. Nani atakaa anywe supu miguu kaipandisha juu ya tofali? Walikuwa wanachungulia, wanaziba pua, wanapita zao. Namba ya huduma kwa wateja niliipiga mpaka nikaikariri, na jibu ni lilelile: taarifa yako imepokelewa.

Dirishani nilikwenda na swali moja tu. Kwa nini bili ya mwezi ule imeandikwa majitaka kama kawaida, wakati majitaka yenyewe yako barazani kwangu? Mliounganishwa mnajua inavyokwenda. Choo hakina mita. Wanasoma mita ya maji safi, na kwenye uniti hizo ndipo wanapopiga hesabu ya majitaka. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Supu inaondoka tumboni mwa mteja na maji ya kumwagia vumbi yananywewa na ardhi, lakini nani anayafuatilia hayo. Sawa, nimekubali. Ila bomba likiziba, maji yakarudi nilikotoka kuyamwaga, nalipia nini? Swali hilo ndilo lililofanya niambiwe nirudi kwenye shimo.

Na shimo nalijua vizuri kuliko yeye. Nimekulia Manzese. Nimeona watu wakingojea mvua kubwa ili watapishe vyoo, uchafu wa huyu unaingia uani kwa yule. Nimeona vijana tuliowaita vyura wakishuka shimoni usiku na ndoo, wamemwaga mafuta ya taa kwanza ili kuua harufu. Kipindupindu kilipolipuka Dar mwaka 2015 sikuhitaji kusimuliwa na redio kinatoka wapi. Wakazi wengi wa jiji hili mpaka leo wanategemea mashimo, na likijaa ni kuita gari la kunyonya lipeleke kwenye mabwawa ya Vingunguti, kama pesa ipo. Isipokuwepo, mvua. Mtu anayepokea mshahara kwa kazi ya majitaka anawezaje kumtupia mteja neno kama hilo?

Kwa hiyo sisemi huduma hii iwe rahisi kama maji ya mvua. Mabomba ya Kariakoo mengi ni ya zamani, wakati mtaa mzima ulikuwa nyumba za Kiswahili za chini, vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Leo kiwanja kilekile kina ghorofa lenye maduka chini na familia hadi juu, na wote wanavuta maji kuelekea mfumo uleule. Kwa miaka mingi majitaka ya huku na ya katikati ya jiji yamekuwa yakipelekwa baharini kwa bomba bila kusafishwa. Kubadilisha yote hayo ni pesa nyingi, na pesa itatoka kwetu. Nikilitazama hivyo nasema wapandishe, tutalipa.

Na mafundi walipokuja nilisema hivyohivyo kwa sauti. Walifika jioni, vijana wenye heshima zao: "Shikamoo mama, pole sana kwa usumbufu." Walifungua mfuniko, wakasukuma fito zao za chuma huku wakipokezana jasho likiwatoka. Ikatoka mifuko, ikatoka nguo ya jinzi, halafu yakatoka mafuta ya kupikia yaliyoganda mabonge kama sabuni ya mche, ya hoteli za juu huko. Yalipotoka, maji yalishuka kwa mkupuo mmoja. Hawakuondoka. Waliosha baraza, wakamwaga dawa, wakanawa mikono, na supu niliyotaka kuwapa bure wakailipia. Kwa vijana wale ningelipa hata mara mbili ya bili yangu.

Halafu mkubwa wao akaniambia, "Mama, taarifa yako tumeipata leo asubuhi."

Leo asubuhi! Wiki zote zile nilizopiga simu, nilizomwaga supu isiyonunuliwa, taarifa ilikuwa imekaa tu pale ofisini. Hapo moyo ukageuka tena. Bei hii mpya ingenisaidia nini, wakati fito zipo, vijana wapo, na kilichokosekana ni mtu wa kunyanyua simu awaambie nendeni?

EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hawapitishi bei bila kwanza kukusanya maoni ya wananchi, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili yetu. Nitakwenda kutoa maoni yangu. Nyumba na biashara wanataka kuzipandisha zote, nami ni zote mbili kwenye mita moja: vyumba vya wapangaji ndani, benchi la chai nje. Nitasema baraza la mama ntilie lisihesabiwe sawa na hoteli inayomwaga mafuta ya kukaangia kwenye bomba. Nitasema pia kwamba siku ambazo chemba inafurika, na taarifa imeshatolewa, majitaka yasiandikwe kwenye bili. Wakilikubali hilo la pili, nitaunga mkono ongezeko, na nitawaambia majirani zangu waunge. Wakilikataa, sitaki iongezeke hata shilingi, na bili ya mwezi ule nitakuwa nayo mkononi.