Laptopu ya matumizi ya kila siku: ipi inunuliwe kwanza, na kivinjari gani

Muuzaji wa laptopu za mtumba, awe Kariakoo au Moi Avenue, atakuuliza kama unataka Core i5 au i7, yaani aina za prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel. Jina hilo peke yake halikuambii kitu. Core i5 zipo tangu 2009, na ya zamani kabisa inaitwa hivyohivyo kama ya juzi. Wewe muulize: mashine hii itapokea masasisho ya usalama mpaka lini? Kazi zetu nyingi siku hizi, za benki, barua pepe na fomu za serikali, zinafanyika ndani ya kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome), na kivinjari kizuri hakiwezi kuokoa mfumo ulioachwa na wenyewe.

Ya kwanza: laptopu ya ofisini yenye Windows 11

Kwa mtu mwenye simu ya Android na bajeti ya kawaida, naiweka hii juu ya zote. Tafuta ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell au EliteBook ya HP iliyotoka maofisini. Zimeundwa imara, vipuri vinapatikana, na karibu kila fundi anazijua.

Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi kinasomeka kwenye namba: i5-8350U ni cha 8, i5-7300U ni cha 7. Usitosheke na jina la modeli. ThinkPad T480, ninayoipenda sana, iliuzwa na prosesa za vizazi vyote viwili. Washa mashine, fungua mipangilio, soma namba kwa macho yako. Muuzaji akikwambia Windows 11 imo tayari, bado soma, kwa sababu watu huipachika kwa njia za kuzunguka masharti.

RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isipungue GB 8, na diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Kabla ya kulipa, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri (Command Prompt). Ripoti itaonyesha betri ilitoka kiwandani na ujazo gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, punguziwe bei au ubadilishiwe betri. Kwetu umeme unakatika, na jambo hili si dogo.

Ya pili: MacBook Air ya M1

M1 ni prosesa ya Apple yenyewe. Laptopu hii ilitoka Novemba 2020, haina feni, na inakaa na chaji muda mrefu kuliko nyingi za bei yake. Kwa mwenye iPhone, hii inapanda namba moja. Ila RAM yake haiongezeki kamwe, na ikiharibika matengenezo ni ghali. Usichukue Mac ya Intel hata ikiwa rahisi: Apple imetangaza kuwa macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho la mfumo wake kwa Mac hizo. Mwambie muuzaji aifute mbele yako na aiunganishe na intaneti. Ikidai akaunti ya mtu mwingine au usimamizi wa kampuni, iache hapohapo.

Ya tatu: Chromebook

Hii ni laptopu inayotumia mfumo wa Google, ChromeOS. Mwanafunzi anayeandika na kusoma mtandaoni itamfaa. Nyingi za mtumba zilitoka shuleni, hivyo hakikisha haijafungwa na shule, kisha tazama kwenye mipangilio tarehe ya mwisho ya masasisho. Word kamili ya kusakinisha haiingii.

Kama tayari una mashine ya kizazi cha 6 au 7, usiitupe. Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, itaiweka hai bila gharama.

Kivinjari

Anayetumia bando aanze na Firefox. Bado inaruhusu uBlock Origin kamili, kiongezi cha kuzuia matangazo, ambayo Chrome imeiondoa, na inaikubali hata kwenye simu ya Android. Matangazo yakizuiwa, megabaiti zinabaki kwako. Ukiingia kwa akaunti moja, nywila na alamisho zinafuatana nawe kutoka simu hadi laptopu. Chrome naipa nafasi ya pili kwa sababu tovuti nyingi hujaribiwa kwayo kwanza. Edge, kivinjari cha Microsoft, imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, uitwao Chromium, tangu 2020, na inalaza kurasa usizozitumia, jambo linalosaidia penye RAM kidogo. Mwenye iPhone na Mac abaki na Safari.

Na ukiwa unavuta intaneti kutoka simu, iambie Windows kwamba mtandao huo ni wa kupimwa (metered connection), la sivyo masasisho yatamaliza bando usiku mmoja.