Waya za meno zikikuchoma: nta au maji ya chumvi?

Daktari akishakaza waya za kunyoosha meno, siku za mwanzo shavu la ndani huchubuka hata ukicheka tu. Nta ya meno huzuia mchubuko: kausha chuma kwa kitambaa safi, finyanga kipande kidogo kama punje ya dengu, kibandike panapochoma. Ukikimeza kwa bahati mbaya, hakidhuru. Ila nta haiponyi kidonda kilichokwisha kutokea.

Kwa hicho, maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua sekunde 30, tema. Ni rahisi mno, na yanatuliza kweli. Mimi ningebandika nta usiku, chumvi baada ya kula. Kupiga mswaki kuko palepale, usiache: nyuzi za nyama hunasa nyuma ya waya.