eTIMS kwa wenye maduka Mombasa: toleo lipi la kuchukua, na mahali linapouma

Ukiuliza eTIMS ni nini, utaambiwa ni mfumo wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) wa kutoa ankara za kielektroniki: unauza, unaingiza mauzo, ankara inapewa nambari na alama ya QR, na nakala yake inafika KRA. Jibu hilo ni sahihi, ila halimsaidii mwenye duka la leso Biashara Street kuamua lolote. Linalomhusu zaidi ni jambo lililoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023: kuanzia tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haitolewi kwenye hesabu ya kodi ya mapato ya aliyenunua. Zimeachwa nje chache tu, kama mishahara, riba, tiketi za ndege na bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, ambazo zina karatasi zake za forodha. Maana yake, anayekusukuma kutumia mfumo huu kila siku si afisa wa KRA. Ni mteja wako.

Tuweke hesabu mezani. Kampuni yenye duka la zawadi hotelini inataka korija kumi za leso na imepata bei tatu. Wa kwanza amesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), anauza 116,000, na ndani yake mna VAT ya 16,000. Wa pili hajasajiliwa VAT lakini yuko eTIMS, anauza 105,000. Wa tatu hatoi risiti yoyote ya maana, anauza 98,000. Kwa macho, wa tatu ndiye rahisi. Sasa ingiza kodi ya kampuni ya asilimia 30. Kwa wa kwanza, mnunuzi aliyesajiliwa VAT anadai zile 16,000, anabaki na gharama ya 100,000, na gharama hiyo inampunguzia kodi 30,000, kwa hivyo mzigo umemtoka 70,000. Kwa wa pili hakuna VAT ya kudai, lakini 105,000 yote inakubaliwa, na mzigo unamtoka 73,500. Kwa wa tatu hakuna cha kudai wala cha kupunguza, na 98,000 inabaki 98,000. Ili amfikie wa kwanza, muuzaji huyu wa tatu angelazimika kuuza kwa 70,000, bei ambayo huenda hata yeye hakununulia. Ndiyo sababu wateja wa kampuni huondoka kimya kimya kwenye maduka yasiyo na eTIMS. Mhasibu wao ameshapiga hesabu kabla dereva hajatumwa mjini.

Mteja wa rejareja anayenunua doti moja ya kuvaa harusini hajali hayo. Kwa hivyo swali la kwanza kabla ya kuchagua toleo ni nani ananunua kwako. Jibu lake halibadilishi wajibu, kwa kuwa sheria inamtaka kila mfanyabiashara atoe ankara ya kielektroniki, na adhabu ya kutotoa ni mara mbili ya kodi inayohusika. Linalobadilika ni uzito wa mfumo unaouhitaji.

Matoleo ya KRA yenyewe hayalipiwi. Lite ndiyo nyepesi kuliko zote: inapatikana kwa kupiga *222# au kwa kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Inamfaa fundi wa friji, mwenye bodaboda za kusambaza mizigo au muuza mbata anayetoa ankara tatu nne kwa siku. Udhaifu wake ni kwamba mtandao ukikatika huna kitu, na ankara yenye bidhaa kumi na tano kwa simu ya kubonyeza ni mateso. Toleo la kusakinisha kwenye kompyuta, linaloitwa eTIMS Client, ndilo tunalolipendekeza kwa duka lenye kaunta na bidhaa nyingi, maana unaorodhesha bidhaa mara moja tu, kisha unachagua. Kazi ya kuorodhesha ni ngumu siku za mwanzo, kwani kila bidhaa inataka kundi lake na aina yake ya kodi, lakini ukiifanya vizuri mara moja umepumzika. Wenye programu zao za mauzo, kama supamaketi na hoteli, huunganisha kwa OSCU au VSCU, njia mbili za kuunganisha programu hizo na eTIMS. OSCU inataka mtandao wakati wote. VSCU imekusudiwa wenye ankara nyingi na wasio mtandaoni kila saa, na kwa duka la Kisauni au Likoni ambako intaneti huja na kwenda, ndiyo ya kuulizia. Hapa gharama huanza: KRA haidai, lakini kampuni inayokuunganishia hudai. Kabla ya kutia saini, uliza kwa maandishi nani atalipia marekebisho KRA ikibadilisha masharti. Wengi husahau swali hilo, wakalikumbuka ankara ya matengenezo ikifika.

Kujisajili kwenyewe si kazi ya siku nzima, isipokuwa kwa sababu moja ambayo hukwamisha watu kuliko zote. Mfumo hutuma nambari ya siri ya muda kwenye simu iliyoandikwa iTax, tovuti ya kodi ya KRA. PIN (nambari za mlipakodi) nyingi za wafanyabiashara wadogo zilifunguliwa saiba, yaani kwenye vibanda vya intaneti, na simu au barua pepe iliyowekwa ni ya saiba, au ni ya mpwa aliyekwenda Qatar. Kwa hivyo anza na iTax. Ingia, tazama simu na barua pepe, zibadilishe ziwe zako. Ukishindwa kuingia kabisa, nenda Huduma Centre au ofisi ya KRA na kitambulisho chako. Baada ya hapo ndipo uende kwenye tovuti ya eTIMS, uweke PIN, upokee nambari, uchague toleo, na upakie karatasi: kitambulisho cha mwenye biashara, na kwa kampuni, CR12 (hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa) na barua ya kumteua atakayeshughulikia mfumo.

Sasa kosa la pili kwa ukubwa: herufi za kodi. Kwenye mfumo, A ni bidhaa isiyotozwa VAT kabisa, B ni asilimia 16, C ni asilimia sifuri, D ni muuzaji asiye kwenye VAT, na E ni asilimia 8. A na C zinaonekana sawa kwa mteja, kwani zote mbili hazimwongezei kitu, lakini kwa muuzaji zimeachana kabisa. Mkate wa kawaida na unga wa mahindi ni C, na muuzaji wake anaweza kudai VAT aliyolipa kwenye gharama zake. Samaki mbichi na mboga ni A, na VAT aliyolipa kwa ajili ya biashara hiyo haidai. Duka linalouza vyote viwili lazima ligawanye VAT ya gharama zake, na ukiandika A penye C kila siku, unajinyima haki yako bila kuambiwa na mtu. Leso ni B. Mteja akikwambia anazipeleka Zanzibar kwa hivyo umwekee C, usikubali. Asilimia sifuri ya mauzo ya nje inasimama kwa karatasi za forodha zinazoonyesha mzigo umetoka nchini. Maneno ya mnunuzi kwenye kaunta hayatoshi.

Halafu PIN ya mnunuzi. Ina herufi na tarakimu 11: herufi moja mbele, tarakimu tisa, herufi moja nyuma. Ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni huanza na P. Meneja akija kununulia kampuni halafu akataja PIN yake mwenyewe inayoanza na A, ankara itatoka safi kabisa, na kampuni haitaweza kuitumia. Karani wa kaunta afundishwe jambo hili moja: mteja akisema ni ya kampuni, herufi ya kwanza iwe P. Na ukikosea, ankara haifutwi. Unatoa hati ya kurekebisha inayotaja nambari ya ankara ya kwanza, kisha unatoa ankara mpya. Kwa VAT, hati hiyo ina muda wa miezi sita, na mnunuzi naye ana miezi sita ya kudai. Mtu anayesema "tutarekebisha mwisho wa mwaka" amechelewa tayari kwa mauzo ya Januari.

Karatasi nayo ina neno lake hapa pwani. Risiti nyingi huchapwa kwa karatasi inayochomwa na joto la printa, haina wino. Joto na unyevu wa Mombasa huzifuta, na ukizihifadhi kwenye mifuko ya plastiki ya faili zinafifia mapema zaidi, kwa sababu kemikali za plastiki hula maandishi. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka mitano. Alama ya QR iliyochapwa kwa karatasi nyembamba ya milimita 58, printa ikiwa imechoka, huenda isisomeke hata siku ileile. Kwa hivyo nunua printa ya milimita 80 kama uwezo upo, na piga risiti za manunuzi picha siku unazozipokea. Kabla ya kulipa mzigo mkubwa, elekeza kamera kwenye QR uone inafungua ankara gani, au uihakiki nambari yake kwenye iTax. Yapo makaratasi yenye mraba mweusi mzuri usiokwenda popote.

Lililobadilika zaidi dukani ni mipaka. Kiwango cha kulazimika kujisajili VAT ni mauzo ya milioni 5 kwa mwaka. Kwa duka linalofungua siku sita kwa juma, hiyo ni kama 16,000 kwa siku, kiasi ambacho duka la leso la jumla linakipita kabla ya adhuhuri. Zamani mtu aliweza kukadiria mauzo yake kwa upole. Sasa jumla iko mbele ya KRA, na fomu ya ritani ya VAT huja ikiwa imeshajazwa kutokana na ankara. Wapo wanaogawanya biashara moja kwa PIN mbili za ndugu wawili ili kila mmoja abaki chini ya kiwango. Tunaliona ni wazo baya: kaunta ni moja, mzigo ni mmoja, na wateja wa kampuni wanawahitaji wauzaji wenye VAT kwa zile sababu za leso hapo juu.

Halafu kuna kodi ya mauzo, asilimia 3 ya mauzo ghafi kwa wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ni nyepesi kuandika, na ndiyo sababu wengi huikubali bila kupiga hesabu. Tuseme muuza jumla wa Kongowea anauza gunia kwa 6,500 na faida yake ni 150. Asilimia 3 ya 6,500 ni 195. Amefanya kazi kwa hasara ya 45 kila gunia. Muuza leso mwenye faida ya asilimia 25 hatasikia chochote. Sheria inaruhusu kumwandikia Kamishna kuomba kutoka kwenye kodi ya mauzo na kulipa kodi ya kawaida ya faida. Kwa wenye faida nyembamba hiyo ndiyo njia, lakini ukiichukua tu, kila manunuzi yako yanahitaji ankara ya eTIMS, kwani sasa gharama zako zina maana.

Kwa wanaonunua kwa watu wadogo, sheria ililegeza kidogo mwishoni mwa Desemba 2024: mnunuzi anaweza kuanzisha ankara mwenyewe pale muuzaji ni mdogo, wa mauzo yasiyozidi milioni 5. Hoteli inayonunua changu na tafi kwa wavuvi wa Old Town haina tena sababu ya kuwaacha kwa ajili ya makaratasi. Kinachotakiwa ni mvuvi awe na PIN na simu yake mwenyewe, aipokee ankara na kuikubali. Asipoikubali, mnunuzi hana kitu, kwa hivyo mpangilio mzuri ni kulipa baada ya kukubaliwa, palepale kwenye mizani, wote wawili wakiwa na simu mkononi.

Tukipima yote, Lite inafanya kazi yake kwa anayetoa ankara chache. Toleo la kompyuta ni zuri kwa duka la bidhaa, likihitaji siku mbili tatu za kuorodhesha mali kwa makini. Mfumo mzima una pengo moja ambalo halifai kufumbiwa macho: unamkubalia muuzaji achague herufi ya kodi isiyo sahihi bila kumwonya, kisha anagundua wakati wa ritani. Mpaka hilo litengenezwe, andika herufi ya kila bidhaa kwenye kadi, uibandike ubavuni mwa kompyuta, na kila ukileta bidhaa mpya, ongeza mstari kwenye kadi hiyo kwanza.